Nakshi ya Mlangoni kwa Seshadri

Miaka mitatu nilimpenda mwanamume wa nyumba ya pili kutoka kwetu, na sikuwahi kumshika hata mkono. Msinicheke. Mtaa wetu umenyooka kutoka hekaluni hadi mtoni, nyumba zimeshikana kuta, na kila baraza lina bibi asiyepitwa na jambo. Kupenda hapa kunataka akili, na akili yangu mimi ilikuwa vidoleni.

Kila alfajiri wanawake wa mtaa wetu hufagia mbele ya nyumba, wakanyunyiza maji ya samadi, wakainama na unga wa mchele kuchora nakshi ya sakafuni, kolam. Wengi huchora ileile waliyofundishwa na mama zao, upesi upesi, wakarudi jikoni kutazama maziwa. Mimi sikuwa mtu wa upesi. Ile nusu saa ndiyo ilikuwa starehe yangu ya siku nzima. Jioni nikitoka shuleni ninakofundisha, nilikaa barazani na daftari langu la miraba, nikapanga nukta, nikatafuta mstari mmoja utakaozizunguka zote na kurudi ulikoanzia bila kukatika. Ukigoma, nafuta. Ukikubali, nacheka peke yangu mpaka mama aulize nimepata barua ya nani.

Seshadri alianza na ua. Ulikuwa mwezi wa Margazhi, baridi imeingia, na kolam zinakuwa kubwa kuliko za mwaka mzima. Alikuwa anakwenda hekaluni, nywele bado mbichi, akasimama kwenye ukingo wa kolam yangu. Kolam mbichi haikanyagwi mpaka jua litoke, hata mlevi wa mtaa wetu analijua hilo. Akanyoosha mkono mrefu, akaweka ua la boga katikati.

"Hapa palibaki wazi," akasema.

"Hapakubaki wazi. Hiyo ni njia ya mstari."

"Basi ua langu limepotea njia. Nilitoe?"

"Liache. Limeshajaa unga."

Akacheka. Mimi nikaingia ndani nikaunguza maziwa.

Mwaka wa pili nikamchorea yake. Nukta saba kwa saba, mstari mmoja tu, na katikati mstari ule unajizungusha ukawa pete mbili, moja ikipita ndani ya nyingine, huwezi kuzitenganisha bila kuivunja nakshi yote. Nilikesha na pete hizo wiki nne. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye kitabu cha Vatsala, mdogo wake, ambaye ni shoga yangu tangu tukiwa watoto wa madarasa ya chini. Siku ya pili Seshadri alinipita sokoni akanong'ona, "Nimeiweka kwenye pochi. Kila siku kabla ya kulala naifuata kwa kidole mpaka mwisho." Niliishi kwa maneno hayo miezi mingi.

Tatizo letu lilikuwa nyota. Mama yake, Rukmini, aliwahi kupeleka nyota zetu kwa mnajimu, na mnajimu akasema yangu imekaliwa na sayari ya Mirihi, mume atakayenioa hataishi siku nyingi. Rukmini akalifunga jambo hapohapo. Seshadri akaniambia nisijali, atatafuta mnajimu mwingine, atazungumza na mama yake.

"Lini?" nikamuuliza Margazhi hii iliyokwisha.

"Kothai, sasa ni Margazhi. Nani anazungumza ndoa mwezi huu? Uache mwezi wa Thai uingie. Nakuapia, ukiingia tu, nazungumza."

Ni kweli, Margazhi hakuna anayezungumza ndoa. Nikasubiri. Thai ikaingia, tukapika wali mtamu wa sikukuu ya Pongal, ukafurika kwenye chungu kama inavyotakiwa, Vatsala akaja akala sahani mbili kwetu. Siku ya tano, Alhamisi, nani akapiga hodi? Rukmini mwenyewe, sari ya hariri, uso umekunjuka.

"Kothai, mwanangu, kesho nina wageni. Wanakuja kwa mambo ya posa. Nataka mlango wangu usemwe mtaa mzima. Uji wa mchele, mistari miwili miwili, na udongo mwekundu pembeni. Nani mwingine nimwombe kama si wewe?"

"Hongera, shangazi! Nitakuja alfajiri."

"Na uchore hii." Akafungua pindo la sari, akatoa karatasi iliyochakaa mikunjo. "Ilikuwa kwa Seshadri. Anasema wewe unaijua."

Ilikuwa karatasi yangu. Nukta saba kwa saba.

Nilivyoelewa mimi, na msichana yeyote wa kwetu angeelewa hivyohivyo, ni kwamba Vatsala anaposwa. Kwetu posa hufanyika kwa msichana. Wa kiumeni ndio wanaobeba sahani za matunda na tambuu kwenda kwake. Sasa wageni wakija kwa Rukmini, wamemfuata nani kama si binti yake? Na Seshadri kumpa mama yake karatasi yetu kwa mkono wake! Maana yake amesema. Maana yake amelitaja tena jina langu ndani ya nyumba ile, na akishaondoka Vatsala, zamu inayofuata ni yetu.

"Amesema, mama," nikamwambia mama yangu, Rukmini alipokwisha kutoka. "Umeona karatasi?"

Mama alikuwa anachambua dengu. Hakuinua kichwa. "Nimeona karatasi. Yeye mwenyewe sijamwona."

"Wewe nawe! Hutaki nifurahi?"

"Furahi. Ila dengu hizi hazijaisha kuchambuliwa, njoo unisaidie."

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Seshadri na bakuli la uji wa mchele. Kolam ya shughuli haichorwi kwa unga mkavu. Unachovya kitambaa, unakikamata kiganjani, na uji unateremka kwenye kidole cha pete, nacho kinachora. Kinachora mara mbili, mistari miwili sambamba, kwa sababu mstari mmoja peke yake si wa siku ya furaha. Uji ukiwa mbichi hauonekani vizuri, ni kama sakafu imelowa tu. Ukikauka ndipo unang'aa. Kwa hiyo unachora ukiwa huoni unachochora, unaamini mkono.

Niliamini mkono. Nilichora kwa raha ambayo siwezi kuieleza, mgongo umeinama saa mbili nzima na sikuusikia. Kila nukta niliyoizunguka niliiambia neno. Jua lilipotoka, mistari ya kwanza ilikuwa imekauka, weupe wake unaanza kutokeza, na watu walioshuka kwenda mtoni walisimama kutazama. Kilichobaki kilikuwa katikati tu, zile pete mbili. Nilikuwa nimeziweka mwisho makusudi.

Vatsala akatoka na bilauri ya kahawa. Amevaa sari ya nyumbani, kichwani hana hata uzi wa asumini.

"Bibi harusi gani huyu, hajachana nywele?" nikamtania. "Wageni watakimbia, shoga! Nenda kaoge."

Akaweka kahawa chini. Hakucheka.

"Una nini? Unaogopa? Mwanamume mwenyewe mbaya?"

"Kothai." Akachuchumaa karibu yangu. "Si mimi."

"Si wewe nini?"

"Anayeposwa. Si mimi."

Nilitazama juu ya mlango, majani ya mwembe yamefungwa vizuri. Nilitazama mashina ya migomba mawili yaliyosimamishwa huku na huku. Akili yangu ilikwenda polepole sana, kama haikutaka kufika.

"Posa hufanyika kwa msichana," nikasema.

"Wao wanakaa Bombay. Wamefikia kwa ndugu zao hapa mjini, nyumba yenyewe chumba kimoja. Baba yake akasema basi shughuli ifanyike kwetu, kuna nafasi."

"Baba wa nani?"

"Wa msichana. Anayeposwa na kaka."

Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu, uji unadondoka. Ulidondoka kwenye mguu wangu, niliuona tu, sikuuhisi.

"Tangu lini, Vatsala?"

"Walileta nyota... wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu zilizopita ilikuwa Margazhi. Si nyie ndio mliosema Margazhi hakuna anayezungumza ndoa?"

"Walizungumza chinichini."

Jamani. Walizungumza chinichini!

"Na Pongal ulikuja kwetu," nikasema. "Ulikaa sakafuni kwetu, ukala wali wangu, ukasema nikuongezee korosho. Ulikuwa unajua?"

Akafunika uso kwa pindo la sari. Alikuwa anajua.

"Niliogopa kukuambia. Nilidhani kaka atakuambia mwenyewe. Alisema atakuambia."

"Kaniitie."

"Kothai, mama yupo ndani, watu..."

"Kaniitie kaka yako, la sivyo namwita mimi kutoka hapa nilipo, na unaijua sauti yangu. Nafundisha watoto sitini."

Seshadri akatoka. Shuka nyeupe mpya, pindo la dhahabu, paji la uso limepakwa msandali. Alikuwa mzuri. Nilitaka asiwe mzuri asubuhi ile, lakini alikuwa, na nilimchukia kwa hilo pia. Akasimama upande wa pili wa kolam, kama siku ile ya ua. Macho yalikwenda kila mahali, ukutani, barabarani, kwenye bakuli. Kwangu hayakuja.

"Unachora vizuri," akasema.

"Hilo ndilo ulilotoka kuniambia?"

"Kothai, usinitazame hivyo. Mama aligoma kula. Siku mbili, hata maji. Ungetaka nifanye nini?"

"Ungekuja kuniambia. Ni hatua thelathini kutoka mlango huu hadi wetu, nimezipima leo asubuhi na bakuli mkononi."

"Nilikuwa natafuta namna."

"Namna ukaipata. Ukaniita nije kupamba."

"Si mimi! Mama aliikuta karatasi kwenye pochi yangu. Akasema nakshi hii nzuri, tuichore siku ya posa. Nikasema..." Akarekebisha pindo la shuka. "Nikasema wewe unaijua."

"Kwa nini hukukataa?"

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yamejaa maji, na nusu ya roho yangu, nawaambia kweli, bado ilitaka kumfuta machozi.

"Nilitaka kitu chako kiwepo," akasema. "Siku kama hii. Nilitaka uwepo hata kidogo."

"Niwepo chini. Miguuni pa wageni."

"Sikumaanisha hivyo. Unajua ninavyokupenda. Miaka miwili naifuata karatasi hiyo kila siku kwa kidole changu. Naijua kuliko jina langu."

Rukmini akatokea mlangoni, funguo kiunoni zinalia. "Mbona katikati pako wazi? Kothai! Wageni wako njiani, lazima waingie kabla ya saa nne na nusu, baada ya hapo saa ni mbaya. Kolam haijafungwa mlangoni kwangu, siku ya posa ya mwanangu? Unataka mkosi?"

"Mwanao ataifunga, shangazi," nikasema. "Anaijua kuliko jina lake."

Nikanyoosha kitambaa juu ya kolam, kinachuruzika. Seshadri akakitazama kama nimempa nyoka.

"Hii kazi ya wanawake," Rukmini akasema.

"Leo ya kwake. Chukua, Seshadri. Zimebaki nukta tisa. Mstari uko pale ulipoishia, unauona? Ufuate tu kama unavyoufuata kila siku."

Bibi wa nyumba ya mkabala alikwishasogeza kiti chake. Seshadri akakitwaa kitambaa. Sijui kwa nini, labda aliamini maneno yake mwenyewe. Akakunja shuka, akachuchumaa, akaanza. Kidole chake kilizunguka nukta ya kwanza vizuri. Nukta ya pili, sawa. Moyo wangu, mpumbavu ule, ukaanza kunipiga kifuani. Fuata, nikamwambia kimoyomoyo. Pinda kushoto hapo, pita chini, urudi. Ukiifunga hii nitakusamehe, Mungu anisaidie, nitakusamehe na nitaondoka na kitu.

Kwenye nukta ya tatu akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaenda moja kwa moja mbele, mstari wake ukagonga mstari wangu, ukafia hapo.

Akainua kichwa. "Inapita wapi?"

Nikaangalia pale mstari ulipogota. Angeniambia mama yake ana nguvu, ningeelewa, mama yangu pia ni mama. Angeniambia anaogopa Mirihi, ningelia nikaelewa. Lakini miaka miwili aliniambia anaifuata, na mimi kila siku nikizima taa nilifikiria kidole chake kinapita nilipopita mimi, na hakuwahi. Aliikunja siku ile aliyoipata, akaitia kwenye pochi, basi.

"Kothai," akasema kwa sauti ndogo. "Nionyeshe."

Rukmini alikuwa anamtazama mwanawe, halafu mimi, halafu karatasi iliyokuwa karibu na bakuli. "Karatasi hii ulichora wewe?" akaniuliza.

"Mimi."

Akashika funguo zake zisilie.

Mwisho wa mtaa teksi ilikuwa inakata kona. Ningeweza kuondoka. Ningeweza kumwaga ndoo nzima ya maji pale na mtaa ungezungumza mpaka mwaka mwingine. Lakini kuna msichana ndani ya teksi ile ambaye hajanifanyia kitu, na mimi sijawahi kuacha kolam wazi mlangoni kwa mtu. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta katikati yote, nukta tisa na mstari wake uliokufa. Mahali pake nikachora ua la yungiyungi la petali nane. Ni lile analofundishwa mtoto wa miaka mitano siku ya kwanza anaposhika unga. Lilinichukua chini ya dakika mbili.

Msichana akashuka, sari ya kijani, mwembamba, viganja vimejaa hina. Alipofika ukingoni akasita, akainua sari.

"Bado mbichi," akawaambia wazee waliokuwa nyuma yake. "Tupite pembeni, tusiiharibu." Akanigeukia. "Umechora wewe, dada? Nzuri mno. Nilipoona huku kote nikasema siwezi kamwe. Ila hili ua la katikati hata mimi naliweza!"

"Hilo ndilo lako," nikamwambia.

Akatabasamu. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu pale pale na nimejaribu tena baadaye.

Rukmini akanifuata na sahani ya tambuu na manjano na kitambaa cha blauzi, kama apewavyo mwanamke aliyesaidia shughuli. Nikaokota karatasi yangu, sahani nikaiacha mkononi mwake. Seshadri alikuwa bado amesimama pembeni na uji kwenye kidole, wazee wa Bombay wanamsalimia, naye anaitikia salamu bila kuwaona.

Mama alikuwa barazani. Alinitazama nikipanda ngazi, akatazama mikono yangu, uji umekauka mpaka viwikoni.

"Wamekupa nini?" akauliza.

"Wamenirudishia karatasi yangu."

Akasogea, akanipa nafasi karibu yake. Nililia pale mbele ya mtaa mzima, kichwa mapajani pa mama yangu, mwalimu wa watoto sitini, na mama akawa anawafukuza kwa macho wote waliogeuka kutazama.

Alfajiri ya pili niliamka saa ileile. Mama akadhani sitatoka. Nilifagia, nikanyunyiza maji, nikachukua unga mkavu. Sikufungua daftari. Nilianza ukutani kwetu, nukta ishirini na moja kwa mstari, nikashuka barazani, nikaingia barabarani, nikavuka hadi ukutani kwa nyumba ya mkabala, mtaa mzima kutoka upande hadi upande. Bibi wa pale alitoka, akaangalia, akarudi ndani kuniletea unga wa nyongeza.

Nilikuwa nimekaribia kuufunga mstari niliposikia hatua zake, anakwenda hekaluni, nywele mbichi, saa ileile ya miaka yote mitatu. Akasimama ukingoni. Alikuwa na ua la boga mkononi, jamani, ua la boga.

"Kothai," akaniita. "Neno moja tu."

Sikuinua kichwa. Nilikuwa nazunguka nukta.

"Kothai, nipishe basi nipite."

Palikuwa hapana pa kupita, na kolam yangu ilikuwa mbichi, na jua lilikuwa halijatoka. Alisimama muda mrefu. Halafu nikasikia anageuka, anarudi alikotoka, anakwenda kuzunguka mtaa wa nyuma ambako hakuna anayemjua. Nikafunga mstari wangu, nikapangusa vidole, nikaenda kutazama maziwa.